Biskuti Juu ya Kikombe: Je, Shira Huyeyuka?

Katika nchi ya Uholanzi iko desturi moja ambayo mgeni aionapo kwa mara ya kwanza huidhania kuwa ni mchezo wa watoto. Mtu akiisha kumiminiwa kahawa au chai ya moto, huchukua biskuti bapa ya mviringo, yenye upana wa kama sentimita 10, akaiweka juu ya mdomo wa kikombe mithili ya kifuniko. Husubiri dakika moja au mbili, kisha huila. Biskuti iliyokuwa ngumu sasa hupindika, na utamu uliomo ndani yake hunyumbuka kama asali nzito.

Biskuti hiyo huitwa stroopwafel, na asili yake ni mji wa Gouda. Yasemekana mbuni wake alikuwa mwokaji Gerard Kamphuisen, aliyefungua duka lake mwaka 1810. Maelezo ya zamani kabisa ya upishi wake yanayojulikana ni ya mwaka 1840. Neno stroop maana yake ni shira, na wafel ni mkate mwembamba uokwao baina ya vyuma viwili vya moto vyenye mistari ya miraba. Mkate huo utokapo kwenye chuma, mwokaji huupasua upesi kupata tabaka mbili, akapaka katikati shira ya sukari ya kahawia, siagi na mdalasini, kisha akazifumbata tena. Hana budi kufanya haraka, kwani mkate ukipoa hukauka ukawa mgumu, na kisu kikiupita huvunjikavunjika.

Mwanafunzi akiulizwa ni nini kinachoipata shira ile juu ya kikombe, atajibu mara moja: "Inayeyuka." Jibu hilo lina kasoro, na sehemu ya lawama ni ya mazoea ya lugha. Katika mazungumzo ya kila siku twasema barafu imeyeyuka, na twasema pia sukari imeyeyuka katika chai. Kwa mwanasayansi hayo ni mambo mawili yaliyo mbali. Barafu huyeyuka, yaani maji yale yale hutoka katika hali ya yabisi yakawa kimiminika, na jambo hilo hutukia penye nyuzi 0 za Selsiasi. Sukari katika chai humumunyika: molekuli zake hubanduka na kutawanyika miongoni mwa molekuli za maji, pasipo sukari yenyewe kufikia joto la kuyeyukia. Shira ya stroopwafel haifanyi hili wala lile.

Sukari ya mezani ni fuwele, maana yake molekuli zake zimejipanga kwa safu kama matofali ya ukuta. Katika shira iliyopikwa vema hakuna safu. Molekuli zimesongamana ovyo pamoja na maji kidogo. Kitu cha namna hiyo hakina kiwango kimoja cha joto ambapo chaweza kusemwa kuwa kimeyeyuka. Kwa hakika ni kimiminika ambacho mnato wake umekuwa mkubwa mno hata chaonekana kigumu. Joto likiongezeka, molekuli hupitana kwa wepesi zaidi, mnato hupungua, na shira hulainika kidogo kidogo. Kioo cha dirisha nacho hulainika vivyo hivyo katika tanuri ya fundi.

Ugumu wa shira iliyopoa hutegemea maji yaliyosalia ndani yake. Sukari ikichemshwa hadi nyuzi 115 hivi, itakapopoa itakuwa laini ya kutafunika. Ikifikishwa nyuzi 150, karibu maji yote yamekwisha kutoka, nayo huwa ngumu kama pipi. Mpishi hujihadhari pia fuwele zisirudi, ama sivyo shira itakuwa na chenga. Wapishi wa pwani ya Afrika Mashariki hukamulia ndimu katika shira ya kaimati: asidi yake huvunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo huzuia safu zisijengeke.

Je, joto la kulainisha shira hupandaje kutoka kikombeni? Hewa ya moto peke yake ingechukua muda mrefu. Kazi kubwa hufanywa na mvuke. Gramu moja ya maji ikipoa kwa nyuzi moja hutoa jouli 4.2 tu, lakini gramu moja ya mvuke ikigeuka kuwa maji hutoa zaidi ya jouli 2,200. Mvuke ugusapo upande wa chini wa biskuti iliyo baridi, hugeuka maji na kuiachia joto hilo.

Lakini maji hayo nayo yana athari yake. Mkate wa biskuti ni mkavu, na ukavu huo ndio uupao mlio wa kukatika mdomoni. Unapofyonza unyevu, maji hupenya katikati ya wanga na sukari na kuulegeza, hata pasipo moto. Ndiyo maana biskuti iliyoachwa nje ya kopo wakati wa masika hulegea.

Athari hizo mbili zaweza kutenganishwa darasani bila stroopwafel. Sukari guru ichemshwe na maji kidogo hadi iwe nzito, ipakwe baina ya biskuti mbili za kawaida, na iachwe ipoe. (Mwalimu aishike sufuria mwenyewe, shira ya moto huganda mwilini na huunguza kuliko maji yachemkayo.) Jozi moja iwekwe juu ya kikombe cha maji ya moto, ya pili iwekwe juu ya kikombe kingine kilichofunikwa kwa kipande cha bati. Shira italainika katika jozi zote mbili, ingawa ile ya juu ya bati huenda ikachelewa. Biskuti itakayolegea ni ile tu iliyopata mvuke. Kisha zote ziachwe zipoe kwa robo saa: shira itarudia ugumu wake katika jozi zote mbili, lakini biskuti iliyofyonza maji itabaki imelegea.