Bwawa Jipya Halitaki Pupa

Juma hili tutaacha kidogo mahindi na maharagwe, tuteremke bondeni tukaangalie bwawa la samaki, hasa bwawa jipya lisilowahi kukaa samaki.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilipochimba bwawa langu la kwanza nilifungulia maji asubuhi, nikatupa humo ndoo kadhaa za samadi mbichi, na jioni yake nikamwaga vifaranga 400 vya perege. Fedha ya kuvinunulia ilitokana na mahindi tuliyokuwa tumeyatenga kwa ada ya shule. Alfajiri nilivikuta vimeelea, matumbo juu. Jirani akasema nimerogwa. La hasha! Sikurogwa, wala sikuuziwa vifaranga wabovu. Nilikuwa na haraka tu.

Kosa liko wapi? Maji mapya ni kama nyumba mpya isiyo na chakula wala jiko. Macho huyaona ni safi, lakini samaki hana cha kula humo. Tena, samadi mbichi inapooza hula ile hewa iliyomo majini ambayo samaki huivuta, na kinyesi chake pamoja na mabaki ya chakula hutoa sumu. Katika bwawa lililokomaa wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, wakaao kwenye matope na kingo, ambao kazi yao ni kuigeuza sumu hiyo isidhuru. Vijidudu hao huja wenyewe, ila huhitaji siku za kuzaliana. Basi kazi yako ni kuwapa nafasi.

Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200. Upande wa kina kifupi uwe kama sentimita 80, na upande wa mlango wa kutolea maji uwe mita 1.2. Udongo uwe wa mfinyanzi. Ukitaka kuupima, finyanga donge la udongo uliolowa, lirushe juu, ulidake. Likisambaratika, hapo maji hayatakaa. Tafuta mahali pengine.

Kwanza, bwawa likiwa bado kavu, nyunyiza chokaa ya kilimo chini na kwenye kingo zote. Kilo 10 kwa kila mita za mraba 100 zatosha, yaani kilo 20 kwa bwawa letu. Chokaa hupunguza ukali wa udongo. Kisha subiri siku 7.

Pili, ingiza maji yafike magotini. Mdomo wa mfereji au bomba uwekee wavu wenye matundu madogo, ili samaki wa mtoni wasiingie. Kambare mmoja tu akiingia humo, vifaranga vyako vimekwisha.

Tatu, weka samadi iliyokauka, kilo 5 kwa mita za mraba 100 kwa juma. Usiitawanye ovyo. Jenga kizizi cha fito pembeni mwa bwawa, uirundike humo, ikamuke polepole kama majani ya chai.

Baada ya juma moja au mawili maji yatageuka rangi ya kijani. Usiogope, hicho ndicho chakula! Ni mimea midogo mno ambayo perege huila, nayo mchana hutoa hewa majini. Sasa jaza bwawa, halafu pima kwa mkono wako. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, mambo ni mazuri. Ukikiona waziwazi, ongeza samadi na siku. Kikipotea kabla ya hapo, acha samadi kabisa, kwani usiku mimea hiyo nayo huvuta hewa, na ikizidi samaki hukosa pumzi alfajiri.

Nne, jaribu kwanza. Omba vifaranga 10 tu, uwaweke katika tenga lililosukwa kwa karibu, ulizamishe bwawani mdomo ukiwa juu ya maji. Wakiamka wazima kesho yake, nenda ukawachukue wenzao. Lakini angalia sana: usitumie chandarua cha kitandani chenye dawa ya mbu. Dawa ile huua samaki.

Sasa siku yenyewe. Kwa bwawa letu vifaranga 400 wanatosha, wawili kwa kila mita ya mraba. Nunua kwenye kituo kinachojulikana, kama kile cha Kingolwira, Morogoro, au mwulize Bwana Samaki wa wilaya yako. Ukipata madume watupu ni bora zaidi, kwa sababu perege huzaa angali mdogo, na bwawa likijaa watoto hakuna anayekua. Wasafirishe asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limepoa.

Ukifika bwawani usifungue mfuko ukamwaga. Uelee kwanza juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20, ili joto la ndani na la nje lilingane. Kisha ufungue, utie maji ya bwawa kidogo kidogo kwa kikombe. Mwisho laza mdomo wa mfuko majini, uwaache watoke wenyewe.

Siku hiyo usiwalishe. Kesho yake anza na pumba laini iliyochanganywa na dagaa waliosagwa, kiasi watakachokimaliza kwa dakika 10. Lisha mahali pale pale, saa zile zile. Chakula kikibaki, punguza; mabaki huoza, na sumu hurudi.

Na kila alfajiri pita bwawani. Ukiona samaki wako juu wanahema midomo wazi, hewa imepungua: simamisha samadi na chakula, ufungulie maji mapya.

Mimi nilirudia kazi ile mwaka uliofuata kwa utaratibu huu. Nilingoja majuma matatu tu kabla ya vifaranga kuingia, na safari hiyo tulivua, tukala, tukauza, na ada ikalipwa. Majuma matatu, ndugu yangu, si mengi mbele ya magunia ya mahindi.

Haya, chukua jembe. Tukutane tena juma lijalo. Kwa heri.