Kaole na Bagamoyo: mwisho wa njia ya Maniema

Mtu wa Kasongo ao Kindu anaweza kuuliza: Kaole inanihusu nini? Ni magofu karibu na Bagamoyo, pwani ya Tanzania: msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe. Hayachukui saa nyingi. Kisha kiongozi anakupeleka mjini kwa wachongaji wa mbao, na ufukweni kwenye majahazi. Vizuri tu.

Lakini mwombe akuonyeshe pia Karavanserai, nyumba ya misafara, hata kama haraka imemshika. Katika karne ya 19 pembe za tembo za Maniema zilipita Ujiji na Tabora mpaka pwani, mabegani mwa watu, miezi na miezi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa. Wengine walikuwa watumwa, waliokamatwa huku kwetu.