Kwa Nini Mafuta ya Nazi Huganda

Msimu wa kipupwe, joto likishuka chini ya nyuzi 24, mafuta ya nazi huganda chupani, ilhali ya alizeti yaliyo kando yake hubaki majimaji. Chanzo ni jinsi atomi za kaboni zinavyoshikana.

Elektroni hukaa katika eneo liitwalo obitali. Obitali s ina umbo la tufe. Obitali p ina mapande mawili, moja kila upande wa kiini. Atomi mbili zikikaribiana, obitali zao huingiliana na viini vyote viwili hushirikiana elektroni mbili. Hicho ndicho kifungo cha kovalenti. Walter Heitler na Fritz London walikithibitisha kwa hesabu mwaka 1927 katika molekuli ya hidrojeni.

Obitali zikikutana ana kwa ana, kwenye mstari unaounganisha viini, huzaliwa kifungo cha sigma. Kina nguvu, lakini atomi huweza kujizungusha juu yake zitakavyo. Obitali p mbili zilizosimama sambamba hukutana ubavu kwa ubavu, juu na chini ya mstari huo, zikaunda kifungo cha pai. Pai ni dhaifu kuliko sigma, tena haitaki kuzungushwa. Kifungo maradufu ni sigma moja na pai moja: ubao wenye msumari mmoja huzunguka, wenye miwili hutulia. Kuzungusha kifungo cha sigma katika ethani yenye sigma tupu hugharimu kilojuli 12 hivi kwa moli. Penye pai, ambayo lazima ivunjwe kwanza, hukaribia 270.

Sasa turudi jikoni. Asidi ya steariki ina kaboni 18 zilizoungana kwa sigma peke yake. Molekuli zake hunyooka, hupangana vizuri, na huyeyuka kwenye nyuzi 69. Asidi ya oleiki ina kaboni 18 pia, ila kifungo maradufu kilicho kati ya kaboni ya 9 na ya 10 huipinda, na pai haiiachi ijinyooshe. Huyeyuka kwenye nyuzi 13 tu. Alizeti imejaa asidi za namna hii. Nazi ina chache mno. (Minyororo ya nazi ni mifupi, mingi ya kaboni 12, ndiyo maana haihitaji moto mkali kuyeyuka.)

Viwanda vinapoyagandisha mafuta ya mimea nusunusu kwa hidrojeni, baadhi ya vifungo maradufu hugeuzwa upande. Atomi ni zilezile, lakini mnyororo umenyooka: hayo ndiyo mafuta ya transi, yanayodhuru moyo. Shirika la Afya Duniani lilitaka yaondolewe vyakulani tangu 2018. Soma lebo kabla ya kununua.