Divai nyekundu na meno yako: ukweli ni upi?

Huenda umewahi kumsikia mtu akiagiza glasi ya pili ya divai nyekundu huku akijitetea kuwa ni dawa. Siku hizi si moyo tu unaotajwa. Hata meno yametiwa ndani. Je, pana ukweli wowote?

Kwanza elewa jinsi jino linavyooza. Kinywani mwako mna bakteria aitwaye Streptococcus mutans, na chakula chake ni sukari. Unapokula keki au kunywa chai yenye sukari, yeye huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, nayo asidi hula tabaka gumu la nje la jino. Sukari nyingine huifanya gundi kwa kutumia vimeng'enya vyake, ili ajishikize kwenye meno. Huo ndio mwanzo wa ule ukoga unaouhisi kwa ulimi asubuhi.

Sasa tuje kwa zabibu. Maganda na mbegu zake zina kemikali ziitwazo polifenoli, zikiwemo tanini zinazokausha ulimi unapoonja divai nyekundu. Mwaka wa 2007, watafiti nchini Marekani walitoa polifenoli kwenye makapi ya zabibu za divai, wakazijaribu kwa bakteria huyo. Hazikumuua. Zilizuia vimeng'enya vinavyotengeneza gundi na kupunguza asidi anayoitoa. Alibaki hai, lakini kazi yake ikavurugika.

Usikimbilie chupa

Majaribio hayo yalifanywa katika maabara, si vinywani mwa watu. Tena kilichojaribiwa ni makapi, si divai. Divai yenyewe ina asidi inayolainisha meno, hasa ukiinywa kidogo kidogo jioni nzima. Nayo pombe husababisha saratani, ikiwemo ya kinywa na ya koo. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Habari njema ni kwamba polifenoli zimo pia katika zabibu zenyewe na katika chai ya rangi, mradi usiitie sukari.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, na upunguze kula vitu vitamu kila mara. Ukinywa divai, sukutua kwa maji. Usipige mswaki papo hapo. Jino likishtuka kwa maji baridi, muone daktari wa meno mapema.

Na kama hunywi pombe, meno yako si sababu ya kuanza.