Taa Yako ya Nje na Usingizi wa Jirani

Huku kwetu Mavivi usiku una saa kumi na mbili, mwaka mzima. Tunakaa karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni na huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa ni mwezi wa pili au mwezi wa nane. Watu wa Ulaya hawana usiku wa namna hii. Wakati wa joto usiku wao ni mfupi, na wakati wa baridi ni mrefu mno. Sisi tumepewa mchana na usiku vilivyo sawa, na mwili wetu hufanya kazi yake kwa kufuata hesabu hiyo.

Zamani giza hilo halikuwa na mshindani. Taa ya petroli huangaza meza na nyuso za watu walioizunguka, wala nuru yake haifiki nyumba ya pili. Siku hizi mambo ni mengine. Mwaka 2014 wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuwa walivumbua taa ndogo yenye nuru ya buluu, na kwa kazi hiyo taa nyeupe tulizo nazo sasa ziliwezekana. Twawashukuru. Mama anayezaa usiku hazai tena gizani, na mtoto wa shule husoma bila kuvuta moshi. Lakini taa hizi zinakula umeme kidogo mno, na nyingine hupewa nguvu na jua bure, basi hakuna anayeona sababu ya kuzizima. Mtu hupigilia moja juu ya mlango wake, akaiacha iwake mpaka asubuhi, na nuru yake inapita uani, inavuka ua wa miti, inaingia kwa jirani kupitia dirisha na nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati.

Labda utasema, "Sisi tunahitaji taa. Hamjui usiku wa huku?" Tunaujua. Tangu mwezi wa Oktoba 2014, watu wa Beni na Oicha na vijiji vya njia hii wameuawa usiku, wengi sana, na wengine wamekimbia mashamba yao wakaja kulala kwa ndugu zao. Mtu aliyepita katika mambo hayo hatuwezi kumwambia akae gizani kwa ajili ya adabu. Mama mjane anayewasha taa mlangoni ili aone nani anakuja, hafanyi kosa lolote. Basi fundisho hili halisemi uzime taa yako. Linasema uitazame, ujue inaangaza nini.

Kwanza fahamu namna mwili unavyolala. Ndani ya kichwa, katikati ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje. Giza linapokuja tezi hii hutoa kitu kiitwacho melatonini, nacho huzunguka katika damu na kuuambia mwili wote kwamba usiku umefika. Mganga mmoja wa Marekani, Aaron Lerner, na wenzake ndio waliokitenga na kukipa jina mwaka 1958. Baadaye, mwaka 1980, wataalamu walionyesha kwamba nuru kali ikipiga macho ya mtu usiku, melatonini hupungua upesi. Na nuru inayofanya hivyo kuliko nyingine ni ile yenye buluu nyingi ndani yake, yaani nuru nyeupe ya taa hizi mpya. Nuru ya manjano au nyekundu, kama ya makaa, haina nguvu hiyo sana. Wala usidhani kufumba macho kunatosha. Kope za macho ni nyembamba. Nuru kali hupenya.

Mtu mzima mwenye afya akikosa usingizi usiku mmoja, atakuwa mchovu na mkali, basi. Lakini ni nani wanaolala nyumba ya pili? Pengine ni mtoto mchanga ambaye mwili wake unajifunza bado kutenganisha mchana na usiku. Pengine ni mzee mwenye damu inayopanda, na usingizi mbaya huipandisha zaidi. Pengine ni mtu aliyetoka hospitalini jana na jeraha la upasuaji. Mwili hufanya kazi kubwa ya kujitengeneza wakati wa usingizi mzito, na mtoto hukua zaidi wakati huo. Na yule aliyeona mabaya msituni, anayeshtuka kwa kila sauti, usingizi kwake ni dawa ya kwanza kabla ya dawa yoyote tuwezayo kumpa kwa dirisha la famasi.

Sasa juu ya wadudu. Kila mtu wa Mavivi anajua kwamba mvua ikinyesha na taa ikiwaka nje, kumbikumbi huja, na hilo ni furaha ya jikoni. Lakini pamoja nao huja mdudu mwingine: mwembamba, mrefu kidogo kuliko punje ya mchele, mwenye rangi nyeusi na nyekundu kwa zamu. Huko Kenya humwita kwa jina la mji wao wa Nairobi. Hung'ati wala hachomi. Lakini ukimpondaponda juu ya ngozi, maji ya mwili wake yana sumu, na siku inayofuata ngozi huwa nyekundu, inaungua, inatoa malengelenge. Watu hufikiri ni moto. Ukimwona juu ya mkono wako, mpulize au mtoe kwa kijani, usimpige. Ukiisha kumponda, nawa mahali pale kwa sabuni na maji mengi, wala usiguse macho kwa mkono huo. Mdudu huyu hufuata taa. Taa iwakayo usiku kucha karibu na dirisha la jirani inawaalika wadudu juu ya mkeka wa watoto wake.

Mbu wa malaria ni neno lingine. Yeye huongozwa zaidi na pumzi yetu na harufu ya mwili. Taa haimfukuzi. Kinachotokea ni kwamba mahali penye taa watu huketi nje na kuzungumza mpaka saa tano, na mbu anawakuta pale bila chandarua. (Tena, ukiwa na soya karibu na taa, utaona zile za mstari wa karibu zinabaki majani mabichi wakati nyingine zimekomaa. Soya nazo zinahesabu usiku.)

Huenda unaogopa kwamba ukiipunguza taa hutaona adui. Fanya jaribio hili, halina gharama. Usiku wa leo washa taa yako kama kawaida, toka nje, nenda usimame njiani mahali mgeni angesimama, kisha uitazame nyumba yako. Kama taa inatazama mbele, itakupiga machoni, na nyuma yake hutaona kitu, hata mtu akisimama karibu na mlango. Macho ya binadamu huhitaji karibu nusu saa ili kuzoea giza vizuri, na nuru kali huondoa mazoea hayo mara moja. Wazee wenye mtoto wa jicho huteseka zaidi, maana nuru hutawanyika ndani ya jicho lao. Vijana wanaolinda mtaa wakipita mbele ya taa ya namna hiyo, wanakuwa vipofu kwa hatua hamsini zinazofuata. Taa kali inayotazama barabara haikulindi kama unavyofikiri. Inamficha mtu aliyesimama kando yake.

Sasa igeuze itazame chini. Kama haina shingo ya kukunja, kata kopo la maziwa au la nyanya, ulifunge juu yake kama kofia, ukiacha nafasi ili joto litoke. Nuru yote itaanguka mlangoni na uani, mahali unapotaka kuona, nayo itaonekana kubwa zaidi kuliko kwanza, kwa kuwa haipotei juu ya mti wa jirani. Ukinunua nyingine, chagua ile yenye nuru ya manjano. Zile zinazojiwasha mtu akipita ni nzuri sana, maana kuwaka kwake ni habari. Ila uzifunge juu kidogo, kwa kuwa mbuzi akipita nazo zinawaka. Na kama mkuu wa mtaa au askari wametoa amri juu ya taa za usiku, amri hiyo inapita maneno ya kitabu hiki.

Sasa ninyi wenye magari. Mavivi iko kwenye barabara itokayo Beni kwenda Oicha, Eringeti na Komanda, na kiwanja cha ndege kipo hapa hapa. Magari hufika jioni, na dereva mwenye hekima haendelei usiku. Analaza lori lake kando ya nyumba za watu, anapika, anakula, analala ndani pamoja na msaidizi wake. Hatumkatazi, mgeni ni mgeni. Lakini taa zile kubwa zilizofungwa juu ya kibanda cha lori ziliwekwa kwa ajili ya barabara. Ukiziacha zinawaka ili upate kufunga turubai au kupika wali, zinaangaza vyumba vitano vya kulala kwa wakati mmoja. Tumia tochi ya kichwa, au taa ndogo iliyowekwa chini karibu na sufuria. Ukiegesha, elekeza pua ya gari upande usio na nyumba. Na ukiwa na shaka ya wezi wa mizigo, nenda kabla ya giza kwa mwenye nyumba ya karibu, umsalimu, umwambie, "Baba, nalala hapa na mzigo, naomba niache taa hii ndogo upande wa nyuma." Mara nyingi atakubali, tena atakutazamia mzigo wako, kwa sababu sasa anajua wewe ni nani. Neno hili ni la wafanyakazi wa misaada pia, na la magari ya hospitali, na hasa la ndugu wanaoleta jenereta na taa za filamu au za mkutano wa injili. Mkutano ukiisha saa tatu, taa nazo ziishe saa tatu.

Kuna mkristo mmoja au wawili watakaotujibu kwa Mathayo sura ya 5, kwamba taa haifichwi chini ya pishi. Soma tena mstari ule polepole. Taa ile iliwekwa juu ya kinara kwa faida ya watu waliomo ndani ya nyumba ile. Haikuelekezwa dirishani mwa mtu mwingine. Tena soma Mithali 27:14, habari ya mtu anayembariki rafiki yake kwa kelele asubuhi na mapema, na jinsi baraka yake inavyohesabiwa. Kitu chema kikiletwa saa isiyofaa, mwenzako anakipokea kama uadui.

Na ikiwa wewe ndiwe unayesumbuliwa na taa ya mwenzako? Usirushe jiwe, wala usipige kelele usiku kupitia ua. Mtu aliyeamshwa kwa kelele huku Mavivi haogopi taa. Anaogopa mauti, naye atatoka na panga. Ngoja kukuche. Nenda wakati wa kazi za asubuhi zikiisha, sema "Jambo, Mama," uulize habari za watoto kwanza. Kisha umwombe aje kwako jioni, alale au aketi kidogo mahali unapolala, aone mwenyewe. Watu wengi hawajawahi kuiona taa yao kutoka upande wa pili. Kama anaogopa, msikilize. Pengine hofu yake ni kubwa kuliko usingizi wako, na mnaweza kupatana kuwasha moja tu kati ya nyumba zenu mbili, wiki kwako, wiki kwake. Wakati mnapopatana, funga kitambaa cheusi au gunia dirishani, lakini usizibe hewa yote.

Na ninyi mnaolala hospitalini, wagonjwa na ndugu wanaowalinda, kama taa ya baraza inakupigia kitandani, mwambie mwuguzi wa zamu. Taa nyingi za hospitali zaweza kugeuzwa au kufunikwa. Ile ya mlango wa wazazi haizimwi usiku wowote, maana hatujui ni saa ngapi mama atabebwa kwa pikipiki kutoka kijijini. Hiyo hatuwezi kuigeuza, lakini kitanda chako twaweza kukihamisha.