Keja ya Magurudumu: Hivi Ndivyo Unaweza Kujijengea Kampa ya Mbao Kitale ama Bungoma

Unataka kulala Chorlim, pale geti ya Mlima Elgon, lakini hema ni baridi na hoteli inakula doh? Kuna form, msee. Jenga keja ndogo ya mbao, uivute na ndai.

Saizi. Plaiwudi huuzwa futi 4 kwa 8. Fanya sakafu iwe hivyo hivyo. Hutapoteza vipande, na watu wawili wanalala vizuri. Wamarekani wamekuwa wakijenga kampa ndogo kama hizi tangu miaka ya 1930.

Chini ni chuma. Fremu mpe fundi wa jua kali, wale wa kuunda trela za miwa Bungoma na za mahindi Kitale. Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati, ndio asilimia 10 hadi 15 ya uzito ilalie ndoano ya gari. Ukijaza mzigo nyuma, trela itaanza kucheza mkia kwa mteremko na inaweza kupindua ndai yenyewe. Hapo ni noma.

Kuta. Tumia saiprasi iliyokauka na plaiwudi ya milimita 9. Ile ya milimita 18 ni kama kilo 30 kila moja, Probox italia. Kingo za plaiwudi ndizo hunywa maji kwanza, so zipake gluu na rangi mara mbili. Mvua ya Kitale unaijua.

Mlango uweke kushoto. Kenya tunaendesha kushoto, so ukishuka unakanyaga nyasi, si lami.

Hewa. Acha tundu mbili, moja chini, moja juu. Na jiko la makaa lisiingie ndani, hata kama makaa yanazima. Kaboni monoksaidi haina harufu. Unalala, huamki.

Makaratasi. Trela husajiliwa NTSA na hupewa namba yake inayoanza na Z. Taa za nyuma pia ni lazima.

Ukimaliza, usikimbilie mlima. Ivute ikiwa tupu kutoka Kitale hadi Kiminini, kisha shuka uguse katikati ya magurudumu. Kukiwa moto sana, beringi zimekazwa vibaya, rudi kwa fundi. Kukiwa sawa, pakia blanketi, Elgon inakungoja.