Nyuzi Zilizolala Sandukuni

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo la nyumbani. Kwa udogo wake watu hulipita bila kulisema, na huku lakula fedha za jamaa pole pole. Jambo lenyewe ni nyuzi za kufumia.

Katika sehemu zetu za baridi, kama Njombe, Makete, Mufindi, Mbulu na Lushoto, mama ajuaye kufuma ni msaada mkubwa. Mwezi wa Juni na wa Julai, baridi inapouma asubuhi, mtoto mwenye sweta husoma kwa raha, na asiye nayo hukaa darasani amefumbata mikono kwapani. Basi kufuma si kazi ya kupitisha wakati tu. Ni nguo ya watoto, na kwa wengine ni njia ya kupata shilingi mbili tatu.

Lakini hebu tazama chini ya kitanda cha mama huyo. Utakuta sanduku, na pengine gunia pia, limejaa nyuzi: donge zima la buluu, nusu ya jekundu, robo ya kijani, na sweta yenye mkono mmoja iliyoachwa tangu mwaka juzi. Na siku ya gulio atarudi na madonge mawili mapya. Ukimwuliza, "Ya nini, mama?" atakujibu, "Nimependa rangi yake."

Hatusemi hivyo ili kumcheka mtu. Twataka kuonyesha njia ya kuzitumia nyuzi hizo zote, na ya kununua nyingine kwa akili.

ZINARUNDIKANAJE?

Nyuzi hurundikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni mabaki. Sweta ya shule sharti iwe ya rangi ya shule, basi mama hununua donge moja la ziada asije akapungukiwa. Likibaki, hulitupa sandukuni. Ya pili ni kazi zilizoachwa katikati. Ya tatu ni tamaa ya rangi nzuri. Kununua uzi ni kazi ya dakika moja, bali kufuma sweta ni kazi ya siku nyingi. Ndiyo maana sanduku hujaa upesi kuliko mikono iwezavyo kulipunguza.

Sasa tupige hesabu. Tuseme donge moja lauzwa shilingi 3,000, na sandukuni mna madonge 40. Hizo ni shilingi 120,000. Fedha hizo hazikupotea, la, lakini zimelala. Ada imeondolewa katika shule za msingi za serikali ya Tanzania, lakini sare, viatu na madaftari bado hununuliwa na mzazi. Wakati wa kufungua shule mama atazitafuta fedha za viatu asizione, kumbe amezilalia usiku kucha chini ya kitanda.

Mtu atasema, "Akiba haiozi." Ni kweli, haiozi, lakini sufu huliwa. Yuko nondo mdogo mwenye rangi ya majani makavu, apendaye giza na mahali pasipoguswa. Huyo anayeruka hali kitu. Hutaga mayai tu. Funza wake ndio walao sufu, hasa sufu iliyoshika jasho na uchafu. Utafungua sanduku siku moja ukute uzi wako umekatika vipande vipande.

TOA YOTE NJE

Basi fanya hivi. Siku yenye jua, tandika mkeka uani, umwage juu yake kila uzi ulio nao. Usiache hata kipande nyuma ya kabati. Kung'uta kila donge, uligeuze juani. Lenye dalili za funza litenge mbali na mengine.

Kisha zijue nyuzi zako, maana si zote za jamii moja. Ziko za sufu, zitokanazo na manyoya ya kondoo. Ziko za pamba. Na ziko za akriliki, ambazo hutengenezwa viwandani kwa dawa zitokanazo na mafuta ya petroli; hizo ndizo nyingi katika maduka yetu, kwa sababu ni rahisi kwa bei na nondo hawazili.

Ikiwa karatasi ya donge imepotea, kata kipande kifupi cha uzi, ukishike kwa koleo, ukiwashe kwa kiberiti. Fanya hivyo nje, mbali na watoto, na maji yawe karibu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni yakipoa. Pamba huungua na kunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka, nayo ikipoa hubaki kitone kigumu cheusi. Usikiguse kabla hakijapoa, maana hushika ngozi na kuichoma.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Kwa sababu sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hujikunyata na kuwa nzito kama blanketi la zamani, na akriliki haifanyi hivyo. Ukizichanganya katika sweta moja, siku ya kufua upande mmoja utarudi na mwingine utabaki.

MALI BILA DAFTARI

Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari la shule lililobaki kurasa chache, upige mistari minne: rangi, aina, uzito, na kazi utakayoifanya. Huna mizani? Mwenye duka anayo. Mwombe akupimie saa ambayo hana wateja.

Uzito ndio utakaokuambia ukweli. Kwa uzi wa unene wa kawaida, kofia ya mtoto mchanga haifiki gramu 50. Soksi za mtu mzima zataka karibu gramu 100. Sweta ya mtoto wa miaka 6 au 7 yaweza kuchukua gramu 250 au 300, kwa kadiri ya mfumo na unene wa uzi. Basi ukiwa na gramu 80 za kijani usiziite sweta. Ziite kofia, uzifume leo.

Pengine uzi unakaribia kwisha, nawe hujui kama utatosha mistari miwili mingine. Ukunje katikati, ufunge fundo jepesi hapo kwenye kunjo, kisha fuma mstari mmoja. Ukiumaliza kabla ya kulifikia fundo, uliobaki utatosha mstari wa pili. Ukilifikia fundo kwanza, simama hapo na ubadilishe rangi.

KAZI ZA MABAKI

Mabaki yana kazi nyingi. Fuma sweta ya nyumbani ya milia, ukibadilisha rangi kila baada ya mistari miwili. Chagua rangi moja iliyo nyingi, kama kijivu au nyeusi, uirudie kati ya nyingine zote; hapo sweta itaonekana imepangwa, wala haitafanana na kiraka. Uzi ulio mwembamba mno, shika nyuzi mbili pamoja uzifume kama mmoja.

Vipande vidogo fumia miraba ya sentimeta 20 kila upande. Mraba mmoja ni kazi ya jioni moja au mbili, na msichana anayejifunza aweza kuufuma. Miraba 48, yaani 6 kwa upana na 8 kwa urefu, ikiungwa hutoa blanketi la sentimeta 120 kwa 160. Hilo lamfunika mtoto vizuri usiku wa Julai.

Tena, donge la ziada la sweta ya shule usilifumie kitu kingine. Liandike jina la mtoto na uliweke. Mwakani mikono ya sweta itakapokuwa mifupi, au kiwiko kitakapotoboka, utaongeza na kutengeneza kwa rangi ile ile. Akiba ya namna hiyo ndiyo akiba ya kweli, maana yajua kazi yake.

Na kazi iliyoachwa katikati je? Amua. Imalize mwezi huu, au ifumue. Kufumua si aibu. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge kwa vipande vya uzi mahali panne usije ukatatizika, uoshe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, kisha uutundike kivulini. Ukikauka utakuwa umenyoka tayari kwa kazi mpya.

Hata sweta za mitumba zaweza kufumuliwa, lakini kabla hujalipa geuza ndani utazame mshono wa ubavuni. Ikiwa kila upande una ukingo mzima wa vitanzi, itafumuka vizuri. Ikiwa vipande vilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, iache, maana utapata vipande vifupi visivyo na faida.

WENGINE WALIOBANWA

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya maskini tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iligawa nguo kwa kipimo, tangu mwezi wa Juni mwaka 1941 hata mwaka 1949. Mwaka wa kwanza kila mtu mzima alipewa kuponi 66, na hata uzi wa kufumia ulitaka kuponi. Basi kina mama wa huko walizifumua sweta kuukuu, wakaosha uzi, wakafuma tena soksi na sweta za watoto. Serikali yenyewe iliwafundisha watu kutengeneza nguo za zamani. Wao walilazimishwa na vita. Sisi twaweza kufanya hivyo kwa hiari.

WAKATI WA KUNUNUA

Hatusemi, "Usinunue uzi tena maisha yako yote." Anayejikataza vyote leo, kesho kutwa hununua mara mbili. Twasema, kazi itangulie, uzi ufuate. Ukishika donge dukani, jiulize maswali matatu: Ni nguo ya nani? Yataka gramu ngapi? Nitaianza lini? Ukikosa jibu la moja, rudisha donge mahali pake. Rangi nzuri hazitakwisha duniani.

Ukiwa na majibu yote matatu, nunua, tena nunua uzi wote wa kazi hiyo kwa mara moja. Tazama karatasi ya kila donge, utaona namba ya rangi. Namba zikitofautiana, maana yake madonge hayakutiwa rangi pamoja, na mkono wa sweta waweza kutofautiana na kifua. Patana na mwenye duka mapema kwamba donge lisilofunguliwa, likiwa na karatasi yake, atalipokea tena. Wengine hukubali.

Ukifuma kwa kuuza, pokea arbuni kwanza, ndipo ununue uzi. Sweta isiyo na mwenyewe ni uzi ule ule uliolala, ila umebadilika umbo.

Na kwa ajili ya moyo, jiwekee sheria nyepesi: kila ukimaliza madonge matatu ya zamani, una ruhusa ya kununua moja kwa kupenda tu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

NENO KWA WAUME NA VIKUNDI

Baba naye ana sehemu yake. Wako waume wasemao, "Mama watoto, takataka zako zimejaza nyumba!" Neno hilo humfanya mke afiche donge jipya ndani ya kikapu cha mboga, na siri ya donge moja hufundisha siri ya mambo makubwa zaidi. Afadhali aseme, "Mama watoto, hebu tuone tuna nini humu, tupange." Naye mke asione uchungu, afungue daftari. "Baba watoto, humu mna kofia tano na blanketi moja. Sitanunua mpaka ziishe, ila uzi wa sweta ya shule." Maneno machache hivyo, na amani yabaki nyumbani.

Kwa kina mama wenye kikundi, fanyeni siku moja ya kubadilishana. Kila mmoja alete mabaki yake, yapimwe, apewe gramu zile zile za rangi anayoihitaji. Donge la njano lililokaa bure kwako miaka mitatu, pengine ndilo jirani yako alilolikosa ili amalize shali ya mtoto.

Basi, mama mpenzi, kabla hujaenda gulioni wiki hii, fungua sanduku kwanza. Baridi ya Juni haingoji, na sweta ya mtoto wako huenda imo humo tayari, yangoja mikono tu.